Namba Sitini na Tatu

Jeshi la Tarvenia limepangwa kwa mabonde. Kila bonde lina kombania moja ya vijana walioko kambini, na kombania moja ya akiba, watu wazima waliokwisha kumaliza zamu yao wakarudi kwa kondoo wao. Namba ni zile zile, moja mpaka mia na ishirini. Akianguka namba tisa wa kambini, anaitwa namba tisa wa akiba. Mimi, sajini wa stoo wa bonde la Ruska, ndiye niliyekuwa nikiwaita.

Mwezi wa pili wa vita ilinijia orodha ya waliokufa, majina kumi na moja. Sitini na tatu alikuwa Iskren Dobrul, miaka ishirini na miwili. Nikafungua daftari la akiba. Sitini na tatu: Velko Dobrul, miaka arobaini na tisa. Baba yake.

Karani aliyegawa namba hakuangalia ukoo. Ningeweza kuiruka. Nikaandika barua ya wito, nikapiga mhuri, nikaendelea na jina lililofuata. Siku hizo mkono uliandika peke yake.

Velko alikuja asubuhi, siku tatu baada ya matanga.

"Pole, kaka," nikamwambia.

"Nishapoa. Nipe buti."

"Sikiliza, jikoni wanahitaji mtu. Kwa umri wako..."

"Namba yangu ni ya jikoni?"

"Hapana."

"Basi nipe buti. Na zisiwe za kubana kama za mwaka jana, mwizi wewe."

Tulitaniana hivyo miaka ishirini, kila mazoezi ya akiba. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tukapelekwa, sisi wa akiba pamoja na vijana wa kambini, kulinda daraja la Kelm. Gwaride la kwanza, luteni aliita, "Sitini na tatu!" Velko akajibu, "Nipo!" Vijana wakatazama chini. Jioni, tukinywa supu ya kabichi, mmoja wao, Mirchan, mpiga bunduki ya rashasha, akamsogelea.

"Mzee, wewe ndiye baba yake Kasisi?"

"Kasisi gani?"

"Iskren. Tulimwita hivyo kwa sababu hajui kutukana. Akikasirika sana anasema, 'Ewe mbuzi wa Mungu!'"

Velko akamega mkate. "Nyumbani alikuwa akitukana kama dereva wa lori. Mama yake alimfukuza mezani mara ngapi!"

Vijana wakaangua kicheko. Velko akaendelea kula.

Pale darajani hapakutokea lolote. Adui hakuja. Velko alisimama zamu yake, alilala, aliamka. Nilingoja alie, hakulia. Nilingoja anipige. Mwishowe, siku moja aliponisaidia kukunja mablanketi, ikanitoka.

"Kaka, namba yako ningeweza kuiruka."

"Najua."

"Ulijua?"

"Miaka yote hii jeshini nisijue? Ungeniruka, angekuja sitini na nne. Ni Pavlin yule, mkewe kajifungua mapacha juzi."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimesema hivyo? Shika pembe hiyo, blanketi linaburuta."

Nikashika. Tukakunja yote yaliyobaki.

Masika ilipoanza, wakubwa walitia saini, vita ikaisha, akiba ikaruhusiwa. Nilimpeleka Velko kwao kwa lori la stoo. Njia nzima alitazama theluji ikiyeyuka mitaroni. Alinionyesha tu mahali pa kukata kona.

Mkewe, Stoyna, alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo mlangoni. Akaliweka beseni chini.

"Huko kulikuwa na baridi?" akauliza.

"Kidogo."

"Umekula?"

"Bado."

Akanitazama na mimi ndani ya lori, mtu aliyetia mhuri barua ile ya wito. "Na wewe shuka," akasema. "Supu ipo."

Nikashuka. Tulikula sote watatu, jibini ya kondoo na supu ya shayiri. Velko alisifu chumvi ya supu.