Namtaka Hiribae Ashinde

Hiribae alipanda kizimbani kwa kanzu nyeupe, akashika msahafu, akaapa kusema kweli. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya Jaji, kalamu mkononi. Hakunitambua. Alipotutoa kijijini kwetu Kinakomba nilikuwa msichana wa shule. Sasa mimi ni mtafiti wa sheria wa Jaji hapa Garsen. Faili yake ilipofika nilipaswa kusema kwamba namjua. Nilinyamaza, maana nilitaka kumwona akishindwa kwa karibu.

Baba alipofariki, mafuriko yalikuja, mto ukahama, na shamba letu la migomba likabaki ng'ambo. Hiribae, jirani yetu wa ng'ambo hiyo, akalifyeka. Mama alipompeleka kwa wazee, Hiribae alisimama akasema, "Mto ukihama, shamba ni la anayefyeka kwanza." Wazee wakamkubalia. Mama akaja Garsen kukaanga mahamri kwenye stendi ya mabasi ya Lamu, na mahamri hayo ndiyo yaliyonisomesha.

Sasa mto umehama tena. Shamba lile lile limebaki upande wa Kenga, mfanyabiashara wa ng'ombe, naye amelifyeka. Hiribae ndiye aliyekuja kulia mahakamani. Mwosha huoshwa.

"Ieleze mahakama mila ya kwenu," wakili wake akamwambia.

"Mto ukihama, shamba halihami," akajibu bila kupepesa macho. "Hata likiwa ng'ambo, ni la aliyelilima kwanza na watoto wake. Tumezaliwa tukaikuta hivyo."

Niliandika kila neno, na kalamu ikatoboa karatasi.

Mawakili wa pande zote mbili walikuwa wavivu. Hakuna aliyetaja uamuzi wa zamani wa rufaa unaosema kuwa mila ya wakulima wa mtoni, ikithibitishwa kwa kiapo, mahakama iifuate. Niliuona mimi, na nilijua ungempa Hiribae ushindi. Kazi yangu ni kumwekea Jaji mezani kila sheria inayohusika, nikiipenda nisiipende. Niliufunga nikaenda kula. Nilitaka arudi kwao mikono mitupu kama Mama, na wali siku hiyo ulikuwa mtamu, sifichi.

Sahani haijaisha, nikaacha kutafuna. Hiribae akishindwa, sheria inakuwa ya anayefyeka kwanza, shamba linakuwa la Kenga, na sisi tutamdai nani? Akishinda, anashinda kwa maneno yake mwenyewe. La aliyelilima kwanza na watoto wake. Mtoto ni mimi, na muda wa kushtaki haujatupita.

Nikaenda ofisini kwa Jaji, nikamweleza yote.

"Ulipaswa kuniambia siku ya kwanza," alisema.

"Najua, Mheshimiwa. Nimekosa."

"Nitawajulisha mawakili. Mwenzako Janet ataifanya kazi hii upya, na wewe utapata barua ya onyo." Akausoma ule uamuzi, kisha akavua miwani. "Huu unamsaidia yeye. Ungeweza kuuficha."

"Namtaka ashinde, Mheshimiwa."

Jaji akaivuta faili upande wake.

Siku ya hukumu Hiribae alishinda. Jaji alisoma maneno yake ya kizimbani mara mbili, akasema hiyo ndiyo mila na mahakama inaifuata. Hiribae akatoka nje anacheka, anapeana mikono na kila mtu, hata askari wa mlangoni.

Mama alikuwa akimngoja barazani, amejifunga leso mpya.

"Hongera, Hiribae."

"Ahsante, mama," alisema, kisha uso ukambadilika. "Mama Bahiya? Wewe uko Garsen?"

"Niko. Nimesikia shamba halihami."

Wakili wake alikuwa pale, na watu wa Kinakomba waliokuja kumshangilia walikuwa pale. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Nijibu," Mama akasema taratibu. "Umeapa kwa msahafu. Linahama au halihami?"

Hiribae akageuka kuutazama mlango wa mahakama, akaniona nimesimama pale, na mara hii alinitambua.