Nani Namba Moja

Ijumaa ya tarehe kumi na saba Desemba, mwaka 1999, saa nane na dakika kumi mchana, mashine ya ndani iliamka kwa mara ya saba. Ikajinyoosha, ikasoma orodha yake ndefu ya shughuli, na ilipofika kwenye mstari wa mtandao ikagoma. Mistari mingine yote ilikuwa na neno la kijani pembeni. Ule mmoja ulikuwa na neno jekundu.

"Bado?" aliuliza Munira, mteja wetu, nyuma yangu.

"Bado kidogo, Da Munira."

"Hicho kidogo chako ni cha dakika ngapi?"

Niliizima mashine, nikaiwasha tena, kwa uso wa daktari mkuu.

Ni vizuri kueleza kwa utulivu, ingawa pale hapakuwa na mtu mtulivu, mashine ya ndani ni kitu gani. Kituo cha kompyuta cha Baba Mdogo Audax, pale Kinondoni, kilikuwa na kompyuta nane zinazoonekana na moja isiyoonekana. Hiyo isiyoonekana iliishi ndani ya kompyuta kubwa ya mapokezi. Fundi wetu, Wilbert, alikuwa ameweka humo programu mpya inayoigiza kompyuta nzima, yenye diski yake, kumbukumbu yake na kadi yake ya mtandao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukishika. Unaiona kwenye dirisha la skrini tu, ikiwaka na kuzimika kama wenzake. Zuena, karani wa mapokezi, alikuwa akiwaambia wateja kwamba kompyuta yake ina mimba.

Kazi ya mimba hiyo ilikuwa kutunza barua pepe za wateja wote na kuzituma. Wilbert alikuwa amekwenda Bukoba kwa Krismasi, na pasiwedi ya kubadilishia mambo alikuwa ameondoka nayo kichwani. Mimi, niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, niliachiwa mamlaka mawili: kuwasha na kuzima. Niliyatumia kwa bidii kubwa.

Munira hakuwa na nafasi ya kucheka. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea ufamasia, pamoja na udhamini, kwa sharti kwamba athibitishe kabla ya saa kumi jioni kwa saa zetu, tena kwa kutumia anwani ileile aliyoombea. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa anayemfuata. Barua ya chuo ilifika jana yake. Usiku kucha alikuwa akimbembeleza baba yake kule Temeke, na mzee alikubali mchana huo tu, alipotoka kuswali Ijumaa. Anwani ya Munira ilikuwa ndani ya mashine yetu, haikuwa na makao mengine duniani. Jibu lake alishaliandika. Lilikaa pale ndani, tunaliona, halitoki.

Alizunguka chumba kile kama mtu aliyepoteza pete. Alikuwa amefunga Ramadhani, na Zuena amefunga, na mimi nilikuwa na andazi kwenye droo ambalo heshima ilinizuia hata kulitazama.

"Kasiani," Zuena alisema, "mie nakuuliza kwa wema. Huu si mmoja wa michezo yako?"

Swali lilikuwa la haki. Wiki iliyopita niliipanga kompyuta yake ili ikiwashwa tu iandike kwa herufi kubwa: UMEACHISHWA KAZI. ACHA FUNGUO MEZANI. Aliacha funguo mezani. Tulimkimbilia hadi kituo cha basi.

"Da Zuena, wallahi, safari hii sina hatia."

"Wewe Mkristo, wallahi umeitoa wapi?"

"Nimeazima kwako."

Munira aligeuka. "Mnataniana! Saa nane na nusu hii!"

Nilitoa daftari la Wilbert. Kila kompyuta mle ndani ilikuwa na namba yake, na kwa namba hiyo kompyuta hutafutana na kujibizana. Mashine ya ndani ilikuwa namba moja, kwa kuwa zote huifuata hiyo kuchukua barua. Ya Zuena namba mbili. Za wateja tatu hadi nane. Ya Mkurugenzi, yaani Baba Mdogo Audax, iliyonunuliwa mwisho, namba tisa. Chini yake Wilbert alikuwa ameandika: *Mtandao ukigoma, gonga hodi.*

Kugonga hodi ni amri ndogo: unaiita namba, na kama yupo, anaitika. Niligonga mbili, ikaitika. Tatu, nne, tano, zote zikaitika. Nikaona nijaribu jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelijaribu. Niliizima kabisa mashine ya ndani, dirisha lake likawa jeusi, kisha nikagonga hodi namba moja.

Ikaitika.

Niligonga tena. Ikaitika upesi, kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango.

"Da Zuena," nilisema polepole, "mashine imezimwa, lakini inajibu."

"Audhubillahi!" Zuena alirudisha kiti nyuma. "Jini!"

"Jini wapi?" Munira alifoka. "Mwezi huu mashetani yamefungwa yote. Kama kuna anayejibu, ni mtu."

Hoja hiyo haikupingika. Nami nilishawahi kuona jambo kama hilo kwa macho yangu. Bwenini kwetu, mwanafunzi akitoroka kwenda mjini, rafiki yake humwitikia jina saa ya kuhesabiwa. Siku moja Anselmo alitoroka, akarudi mapema bila kusema, na jina lake lilipoitwa waliitika wawili. Mwalimu wa zamu hakumpokea hata mmoja. Mashine ya ndani ilikuwa Anselmo wa kweli. Kila ilipoamka ilitangaza, "Mimi namba moja, yupo mwingine?" na mtu akaitika, "Nipo," na yenyewe, kwa kuwa ilifundwa adabu, ikakaa kimya na kuandika neno jekundu.

"Basi tafuta huyo mwingine!" alisema Munira.

Nilikwenda kompyuta moja hadi nyingine. Ya tatu ilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa nne. Kwenye ya sita alikaa Talha, mfanyabiashara wa vitenge, akicheza karata za kwenye skrini tangu saa tano kwa sababu barua hazifunguki. Alikataa kuinuka.

"Nakaribia kushinda, dogo."

"Ni ukaguzi wa kitaifa, mzee."

Akainuka. Ya sita ilikuwa sita. Ya saba, ya nane, kila moja palepale ilipopangiwa. Jasho lilinitoka ingawa feni ilikuwa juu yangu. Saa tisa na dakika tano.

"Imebaki moja tu," nilisema.

Sote watatu tukautazama mlango wa Mkurugenzi. Ulikuwa umefungwa. Ndani alikuwa na wageni wawili wa shirika la wafadhili, waliokuja kuona kama wamletee vijana hamsini awafundishe kompyuta. Tangu asubuhi alikuwa amevaa tai.

Zuena alijipiga kofi la paja. "Mungu wangu. Jumatano!"

"Jumatano nini?"

"Jumatano aliniuliza, 'Zuena, hizi namba, namba moja ni ya nani?' Nikamwambia ni ya ile mashine ya ndani. 'Na mimi?' Nikamwambia, wewe tisa. Halafu akasema, 'Yaani mashine isiyo na hata kiti inakuwa namba moja, na Mkurugenzi awe wa mwisho?' Nikadhani anatania, nikacheka. Hakucheka."

Akilini nilimwona Baba Mdogo akijifungia jana jioni, sote tulipokwisha kuondoka, na kitabu cha maelekezo, akifuata kila hatua kwa kidole, akijipandisha cheo. Na kwa kuwa yeye hufika mapema kuliko wote, saa moja asubuhi, kompyuta yake huwaka kwanza, na cheo huwa kimeshachukuliwa mashine ya ndani inapoamka.

"Si tuchomoe waya wake?" alisema Munira.

Nyaya zote ziliishia kwenye kisanduku chenye taa za kijani, na kisanduku kilikuwa kwenye kabati la ofisini mwake, kwa kuwa wageni hupenda taa. Nilifikiria kuzima umeme wa jengo zima. Lakini umeme ukirudi kompyuta yake ingeamka kwa dakika mbili, wakati ile kubwa ya mapokezi na mimba yake huhitaji kumi. Angetutangulia tena.

"Mie nakwenda," Zuena alisema. Alijitanda vizuri, akagonga, akaingia. Hata dakika haikuisha akatoka.

"Nimemwambia mtandao una shida, huenda ni namba ya kompyuta yake. Kanitolea jicho! 'Zuena, kompyuta hii haina shida yoyote. Mwambie huyo mtoto aangalie nyaya.' Na wageni wamekaa pale wanaitazama hiyo kompyuta. Ameshawaambia ndiyo namba moja, inaongoza zote."

Munira aliketi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bahasha ya vyeti vyake, iliyofungwa kwa nailoni, aliiweka magotini akaanza kuikunjua nailoni na kuikunja, kuikunjua na kuikunja. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi na nane.

Niliwaza hivi: Mkurugenzi hawezi kuwa na kosa mbele ya wageni. Jambo hilo halipo. Kwa hiyo kosa lazima liwe na mwenyewe mwingine, na pale Kinondoni hapakuwa na mtu mwenye sifa ya kukosea kunizidi mimi.

Nilichomekea shati. Nikagonga.

"Shikamooni," niliwaambia wageni, mama mmoja mnene mwenye faili na kijana mwembamba mwenye kalamu. "Samahani, Mkurugenzi. Nimekuja kukiri kosa."

Baba Mdogo alisimama nusu. "Kosa gani tena?"

"Jana jioni niliichezea kompyuta yako. Niliipa namba moja, ambayo si yake. Ulikuwa utani wa kijinga, na ndio unaozuia barua za watu."

Uso wa Baba Mdogo ulipita mahali pengi. Kwanza ulikasirika, halafu ukashangaa, halafu ukanitazama kwa makini sana, kwa sababu sote wawili tulimjua aliyeipa kompyuta ile namba moja.

"Wewe?"

"Mimi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Mkurugenzi."

Alivuta pumzi. Kisha akapiga meza. "Nilijua! Tangu asubuhi nahisi hapa pana mkono wa mtu! Mnaona, waheshimiwa? Hizi ndizo changamoto za teknolojia. Irudishe, mshenzi wewe, irudishe sasa hivi!"

Nilikaa kwenye kiti chake chenye magurudumu, nikafuta moja, nikaandika tisa. Kompyuta ikadai izimwe na kuwashwa upya, nikairuhusu. Nilipaza sauti kwa Zuena nje: "Washa ya ndani!"

"Na wewe piga magoti pale," alisema Mkurugenzi, akionesha kona ya kabati.

Nikapiga magoti. Saa yangu ya mkononi ilisema tisa na dakika ishirini na tisa, kisha nikaamriwa mikono juu, na sikuiona tena.

Mkurugenzi, akishaonja utamu wa mtuhumiwa anayekubali, hakuweza kuacha.

"Na printa iliyoharibika mwezi wa tisa?"

Mwezi wa tisa nilikuwa shuleni, maili mia tatu kutoka pale. "Na hiyo pia, Mkurugenzi."

"Na kalenda yangu ya benki?"

"Pia."

Mama wa faili alitikisa kichwa. "Huyu anasoma wapi?"

"Bweni."

"Ndiyo maana," alisema, na kijana wa kalamu akaandika.

Nilisikiliza mlango. Upande wa pili palikuwa kimya, kimya kirefu kama cha mtihani. Mashine ya ndani ilikuwa inaamka. Nilizijua hatua zake kwa moyo: diski, kumbukumbu, saa, mtandao. Nilihesabu hadi mia tatu, nikapotea, nikaanza upya. Mkurugenzi alieleza mipango yake ya miaka mitano. Bado kimya. Nilianza kufikiri kwamba labda nimekosea, labda palikuwa na namba moja wa tatu mahali fulani, na nimejitwisha printa ya watu bure.

Ndipo modemu ilipolia. Ilipiga simu, ikakoroma, ikapiga mluzi ule mbaya unaofanana na jogoo anayenyongwa, kisha ikatulia. Baada ya hapo hakuna sauti inayokuambia kama barua imekwenda au la. Nilikaza macho kwenye kitasa.

Kilizunguka. Munira aliingia, ushungi umeteleza begani, akawasalimu wageni, akainama mbele ya meza.

"Nimekuja kushukuru, Mkurugenzi. Imekwenda. Na chuo kimejibu hapohapo kwamba wameipokea. Zilibaki dakika sita."

"Hapa kwetu kazi ni kazi, binti yangu," alisema Baba Mdogo, akinyoosha tai. "Tatizo lilikuwa huyu hapa. Tumeshalishughulikia."

Munira alinigeukia. Kule nje alikuwa pamoja nasi hatua kwa hatua, alizisikia habari za Jumatano, aliyajua yote. Akanitazama toka mikono hadi magoti, akawatazama wageni, akaitazama kalamu iliyokuwa ikisubiri.

"Mtoto hana adabu kabisa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Msimwinue mapema."

Akatoka, bega likimtikisika. Mlango ulipofungwa nilimsikia Zuena kwanza, kisha yeye, wakicheka hadi wakaanza kulalamika kwamba wamefunga na hawana nguvu za kucheka. Mkurugenzi aliwaambia wageni kwamba nidhamu ndiyo msingi wa taasisi yake. Kijana aliliandika hilo nalo. Mimi nilibaki kwenye kona yangu, mikono juu, nikisubiri mtu anikumbuke, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na haraka ya kitu chochote.