Firigisi ya Naibu Chifu

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tano, saa nne asubuhi, ndipo Opondo alipojua kwamba jogoo wake aliliwa bure.

Asubuhi hiyo kampuni inayofuga samaki kwenye vizimba ziwani, upande wa Seme, ilibandika majina ya walioitwa kwa mahojiano ya kazi. Karatasi ilikuwa ukutani penye mashine ya kusaga unga, pale Kombewa. Binti yake Akinyi aliyasoma majina kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu.

"Jina langu halipo, Baba."

"Soma tena."

"Nimesoma mara mbili."

Jina la tatu lilikuwa la Cliff, mtoto wa ndugu wa naibu chifu. Cliff huyo, mambo ya samaki aliyasomea kwenye sahani. Akinyi aliyasomea chuo kikuu miaka minne, na sasa mwaka wa pili digrii yake imelala sandukuni pamoja na leso za marehemu mama yake, Seline. Wakubwa wa nchi hii ndivyo walivyo. Mtoto akiwa mdogo wanamwambia asome, akishasoma wanamwambia angoje.

Kazi zilipotangazwa, kampuni ilisema maombi yapelekwe afisini kwao Kisumu mjini, au yaachiwe naibu chifu ayafikishe. Akinyi alitaka kwenda mwenyewe. Opondo akakataa.

"Nyathina, mwanangu, kazi haiendewi na karatasi peke yake. Huendewa na mtu."

Basi akamwalika Nicodemus, naibu chifu, akamchinjia jogoo wa mwisho aliyeanguliwa na kuku wa Seline. Sasa, kwa watu wa Opondo, firigisi haiendi kwa yeyote tu. Ni ya mwenye boma. Akimpa mgeni, amempa heshima yake yote, na mgeni akiimeza, hana tena mdomo wa kumnyima mwenyeji. Tangu Seline azikwe, Opondo hakuwa amempa mtu firigisi. Hata pasta alipewa paja.

Nicodemus aliitafuna polepole.

"Marehemu alijua kufuga," akasema. "Mzee, wewe lala usingizi. Hii bahasha nitaiweka mkononi mwa meneja mwenyewe."

Bahasha yenyewe ilikuwa ya kaki. Gundi haikuwepo nyumbani, kwa hiyo Akinyi aliifunga kwa ugali, akaukandamiza kwa kidole gumba.

Jumanne hiyo, walipotoka pale ukutani, walikwenda moja kwa moja afisini kwa Nicodemus. Hakuwepo. Agneta, mwanamke anayefagia afisi, aliwaambia wangoje. Opondo akakaa, macho yakiwa mezani. Meza ile kila mtu aliijua. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na ukiweka kidole kwa wino wa kutia sahihi, meza inakuinamia kama inakusalimu. Leo ilikuwa imesimama wima.

Akainama. Chini ya mguu ule mfupi palikuwa na bunda la bahasha limefungwa kwa kamba ya katani. Ile ya juu ilikuwa na ugali mkavu, na alama ya kidole gumba.

Agneta akageukia dirisha. "Mimi nafagia tu, Mzee."

Opondo akaiinua meza kwa bega, Akinyi akavuta bunda. Bahasha kumi na moja, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Akinyi akasoma majina: Akello, Frankline, Jacinta, na wengine, wote watoto wa nyumba zisizo na mtu mkubwa.

"Uliniambia nisiende," Akinyi alisema. Hakupandisha sauti. Afadhali angempigia kelele.

Jumatano Akinyi alikwenda Kisumu na bahasha yake. Mlinzi hakumfungulia hata geti. Maombi, alimwambia, yalifungwa mwezi uliopita. Akarudi nayo, akaiweka tena juu ya bunda.

Alhamisi kulikuwa na baraza. Nicodemus alikuwa akieleza jinsi vijana wa siku hizi wanavyopenda kulala wakati kazi zipo, Opondo aliposimama, kofia mkono mmoja, bunda mkono wa pili.

"Naibu, hizi nimezitoa chini ya meza yako. Ya juu ni ya binti yangu."

"Mzee Opondo, wewe kusoma hujui. Umejuaje ni ya binti yako?"

Watu wakacheka.

"Ugali wa nyumbani kwangu naujua. Hata wewe unaujua, uliumaliza."

Sasa kicheko kikahamia upande wa pili. Nicodemus akapangusa paji la uso.

"Hizo zilichelewa. Tarehe ilikuwa imepita."

"Yangu nilikupa wiki mbili kabla. Na ya Cliff ilipitia wapi, isiyochelewa?"

"Mambo ya afisi hayajadiliwi barazani," Nicodemus akasema, akavaa kofia yake ya serikali. "Baraza limefungwa."

Watu hawakuondoka. Akello alikuja mbele akachukua bahasha yake, kisha Jacinta, kisha wengine, kila mmoja akipangusa vumbi la mguu wa meza. Akinyi alikuwa amesimama nyuma kabisa, hakuja.

"Tarehe imepita, hiyo siwezi kuirudisha," Opondo alisema. "Lakini niambie kitu kimoja tu, Naibu, mbele ya mtoto wangu. Siku ile ukitafuna firigisi ya kuku wa Seline, ulikuwa tayari unajua bahasha utaiweka wapi?"