Udongo au Ardhi

Mambo yalimwendea kombo Mzee Randa siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa nne kasorobo asubuhi, skrubu ya mwisho ya baraza aliyoijenga nyuma ya nyumba ikiwa bado ina joto la keekee. Bwana Futi, mkaguzi wa majengo, aliingia uani bila hodi ya kueleweka, tepu kiunoni.

Baraza ile ya mbao ilikuwa ya mama mkwe. Bibi huyo alivunjika nyonga, Ijumaa anatoka hospitali, na daktari kasema aote jua kila asubuhi. Mlango wa nyuma ulishukia kwenye tope. Tangu mkewe afariki, Randa hakuwa na mtu mwingine wa kumwita mama, na alishamwahidi atatoka nje na kiti chake cha magurudumu.

"Imeshikana na nyumba? Ikishikana, lazima kibali," alisema Bwana Futi.

"Thubutu! Imesimama yenyewe, kama mimi. Pitisha kiganja hapo ukutani."

Kiganja kilipita. Nguzo zilikalia zege, mbao zilitiwa dawa, kiputo cha pimamaji kilitulia katikati. Mkaguzi akaanza hata kutabasamu. Kisha akashuka kona ya mwisho, ambako uwanja uliinama, akapima.

"Inchi thelathini na mbili. Ikizidi thelathini, lazima kizuizi cha ukingoni na kibali. Kibali ni wiki sita."

"Mlangoni ni ishirini na mbili!"

"Mzee wangu, tunapima kutoka ardhini, pale palipo chini kabisa. Mtu asikanyage kwanza."

"Barabara yenu ina mashimo ya kufugia samaki hamjayapima. Inchi mbili zangu ndiyo mmeziona!"

"Mashimo si idara yangu."

"Najua. Hapa hakuna kitu chenye idara, isipokuwa changu."

Jumatano na Alhamisi Randa alisomba udongo kwa toroli, akaumwaga kwenye ile kona mpaka hatua mbili nje ya ukingo, akaushindilia, akauacha uteremke kidogo ili maji yasituame.

"Shemeji, unazika nini?" jirani alichungulia juu ya ua.

"Nazika sheria!"

Ijumaa asubuhi Bwana Futi alirudi. Akapima: ishirini na tisa. Akakandamiza kisigino, hakikuzama.

"Sasa mzee, huu si ardhi. Huu ni udongo."

"Kwani ardhi yenu imetengenezwa na nini, biskuti?"

Mkaguzi alifungua kitabu cha kanuni, akafunua mbele, akafunua nyuma, akampigia bosi wake. Bosi akamwambia asubiri, naye kwanza amuulize bosi wake wa juu.

Teksi ikapiga honi mbele ya nyumba. Punde magurudumu yakasikika ukumbini, yakasimama mlango wa nyuma, na bibi akanyoosha uso kulifuata jua.

"Nitoke, baba?"

Randa alimgeukia Bwana Futi, aliyeganda na simu sikioni.

"Hebu waulize hao wakubwa zako," alisema. "Udongo ukishashindiliwa vizuri, unaanza kuitwa ardhi lini?"