Mkoba Juu ya Meza

Wenzake kazini walimwita Bi Vuaviatu, na mwenyewe alishaacha kuona kichekesho chake. Kutwa nzima kauli yake ilikuwa ileile: vua viatu, toa mkanda, simu kwenye trei, maji mwaga kule. Alikuwa mkaguzi katika uwanja wa ndege, kwenye meza ya mwisho, pale begi linapofunguliwa baada ya mashine kulitilia shaka. Kusimama miaka nenda miaka rudi kulikuwa kumemmaliza miguu, na siku hiyo magoti yalianza kumlalamikia kabla hata ya saa ya chai.

Asubuhi alikuwa ameshakumbana na wakili. Watu wa namna hiyo hawakosekani, lakini huyu alikuwa amewahi mno kufika, ana muda wa kubishana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alitaka aonyeshwe hati ya upekuzi. Bi Vuaviatu akamsomea kile alichokariri chuoni, kwamba abiria akishaweka mzigo wake kwenye mkanda wa mashine amekubali kukaguliwa, hati haihitajiki. Wakili akasema sawa, hilo analijua, ila ruhusa hiyo ni ya kutafuta kile kinachohatarisha ndege, basi. Mkaguzi akianza kutafuta mambo mengine humo, huyo si mkaguzi tena, ni mtu tu anayechokora begi la mwenzake. Kisha akakusanya soksi zake akaenda, uso umemng'aa kama aliyeshinda kesi. Bi Vuaviatu alimwona kero tupu. Alichosema kilikuwa kweli, hata chuoni walifundishwa hivyohivyo, lakini nani anakumbuka mambo ya chuoni wakati foleni imefika mlangoni?

Saa ya chai alifungua kabati alimoacha simu, akakuta kaka yake amepiga mpaka amechoka. Kaka huyu ndiye aliyempokea ndoa yake ilipovunjika. Alimpa chumba cha nyuma, akamtafutia na kazi hii. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Hakuwa na haja, maana wote wawili walilikumbuka kila siku. Bi Vuaviatu akampigia huku ameegemea ukuta, mguu mmoja nje ya kiatu.

Kaka alisema mkewe ametoroka. Kabati la nguo lilikuwa tupu, na jirani alimsikia akimwambia dereva wa teksi ampeleke uwanja wa ndege. Yeye mwenyewe alikuwa njiani anakuja, ila barabara ilikuwa imefunga, kwa hiyo alitaka mkewe azuiliwe mpaka ndege iondoke. Bi Vuaviatu akamwambia mambo hayo ayapeleke polisi.

"Nimetoka huko," kaka akasema. "Wanasema ni mtu mzima, hana kosa, hawawezi kumgusa bila karatasi ya mahakama. Wewe huhitaji karatasi, mdogo wangu. Mpekue tu, taratibu. Nani atakuuliza?"

Na kweli, hakuna ambaye angemuuliza. Mkaguzi akisema begi hili lina shaka, basi lina shaka. Anaweza kulirudisha kwenye mashine, akamsubiri msimamizi ambaye hajamwita, akalipangusa upya kwa kitambaa cha kupimia baruti, na abiria atasimama hapohapo bila viatu mpaka ndege yake imwache. Bi Vuaviatu aliwahi kuona abiria mwenye mdomo mchafu akifanyiwa hivyo, na hakuna aliyeadhibiwa. Alimjibu kaka kwamba amesikia, neno ambalo si ndiyo wala si hapana, akarudi mezani na kuiacha chai ipoe.

Wifi yake hakukawia. Alikuja na mkoba wake uleule wa kila siku na begi dogo la nguo, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyepanga kupita bila kumsumbua yeyote. Akapita langoni, lango halikulia. Mashine nayo haikuona ubaya wowote, na kijana aliyekaa kwenye kioo cha mashine akaviachia vitu vyake viende. Lakini mkono wa Bi Vuaviatu ulishaushika mkoba na kuuvuta upande wake. Hakuweza kusema baadaye kama aliamua au mkono ulijiamulia. Alichojua ni kwamba alikuwa anakifikiria chumba cha nyuma.

Wifi akainua macho, akamwona ni nani. Akasogea mezani na kuanza kuutoa mkoba vitu, bila kuambiwa. Kitana, pochi, ufunguo, dawa za kichwa, kila kimoja mahali pake, kwa mstari. Pochi akaifungua mdomo na kuigeuzia kwa mkaguzi. Kisha akatoa bitana ya ndani, akaikung'uta, akaiacha inaning'inia, akarudi nyuma kidogo na mikono akaiweka mbele, ionekane.

Abiria hawafanyi hivyo. Abiria hununa, hulalamika, huung'ang'ania mkoba mpaka wanyang'anywe. Huu ulikuwa utaratibu wa nyumbani. Kila jioni wifi akitoka kazini, kaka aliuweka mkoba wake juu ya meza ya chakula na kuupekua mpaka kwenye bitana, watu wote wakiwa wamekaa. Katika familia ikawa ni utani: walisema kaka ndiye mkaguzi hasa, mdogo wake anaigiza tu. Bi Vuaviatu alikuwa akicheka pamoja nao, kijiko mkononi.

"Wifi, sijakuambia utoe," akasema.

"Nimezoea."

Alilisema bila uchungu wowote, na hapo Bi Vuaviatu akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akachukua kitana, pochi na ufunguo, akavirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, na bitana akaisukuma ndani kwa kiganja. Foleni nyuma ikaanza kuguna.

"Hapa tunatafuta kitu cha kuangusha ndege tu," akasema. "Wewe huna. Nenda."

Wifi akaushika mkoba lakini hakuondoka. "Na wewe utalala wapi?"

"Vaa viatu, wifi. Ndege itakuacha."

Jioni alimkuta kaka amekaa kwenye meza ya chakula, taa hajawasha. Alikuwa amefika uwanjani, akazuiwa nje kwa kuwa hakuwa na tiketi. Akauliza kama alimwona. Bi Vuaviatu alijibu kwamba alimpekua, na hakuwa na kitu kilichokatazwa. Kaka akauliza ameelekea wapi. Akasema kusoma tiketi si kazi yake. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na uchovu ule ulimwondolea hata woga.

Macho ya kaka yakashuka begani kwa mdogo wake, kwenye mkoba.

"Amekupa kitu," akasema. "Namba ya simu au ujumbe. Lete huo mkoba."

Akanyoosha mkono juu ya meza, pale pale pa kila jioni. Bi Vuaviatu akaushika ukanda wa mkoba wake.

"Kwa hati ya nani, kaka?"

Kaka akacheka, akidhani ni utani wa kazini, na mkono wake ukabaki umenyooshwa. Mdogo wake akauacha hapohapo, akaingia chumba cha nyuma kutafuta sanduku.