Damu ya Waweru

Kaka yangu Gerishon alikuwa mtaalamu wa damu. Si daktari, la. Alikuwa akifunga mikebe ya mananasi kiwandani Thika. Lakini Jumamosi akifika nyumbani Witeithie na baiskeli yake, aliweza kukueleza damu ya kila mtu imetoka wapi na itamfikisha wapi.

Mkewe Idah alijifungua pacha, wavulana waliofanana hadi ikabidi amfunge wa kwanza uzi mkononi. Kwa desturi yetu, huyo wa kwanza akapewa jina la baba yetu marehemu, Waweru, mzee aliyefanya kazi kwa nadra, tena kwa hasira. Wa pili akaitwa Muigai, jina la baba yake Idah, mzee wa kanisa aliyejua kusoma. Basi Waweru akimwaga maziwa, mama yangu Gathoni alisema, "Mume wangu amerudi na uvivu wake." Muigai akimwaga, "Mwacheni, anawaza."

Mwaka wa hamsini na nane ikabidi mmoja aende shule na mwingine achunge mbuzi. Gerishon hakukuna hata kichwa.

"Muigai ataenda. Huyu mwingine damu yake ni ya kulala."

Nikamwambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akanijibu mtoto wa nyoka ni nyoka, akasahau kwamba nyoka aliyemtaja ni baba yake mzazi.

Waweru alinifuata mimi shangazi yake jikoni akilia. "Tata, mimi nataka kusoma. Hii damu nitaitoa namna gani?"

Nilitamani kumpiga kaka yangu kwa mwiko. Nikampa mtoto kiazi, kwani ndio uwezo niliokuwa nao.

Muhula ukaenda. Kila Jumamosi Gerishon alituhubiria: shuleni wanamsifu Muigai, mmeona, damu haipotei! Mbuzi nao walinenepa, hakuna hata mmoja aliyepotea, lakini hao hawakuhubiriwa.

Jumamosi moja mwalimu Urbanus akaja mwenyewe kutupongeza. Gerishon akavimba kichwa, akampa Muigai Biblia amsomee mgeni. Mtoto akaitazama, kisha akatazama mlango. Waweru, aliyesimama pale mlangoni na fimbo ya mbuzi, akamhurumia ndugu yake. Akaichukua Biblia, akasoma zaburi nzima bila kukwama.

"Si ndiye huyu?" mwalimu akashangaa. "Muigai wangu ni huyu!"

Yote yakafichuka. Muigai alipenda mbuzi na kuogopa kiboko cha mwalimu. Waweru alitaka shule. Kila asubuhi walibadilishana nguo kichakani, jioni wakarudishiana.

Nikafurahi kweli. Leo kaka yangu amepatikana, nikajiambia. Gerishon akafikiri kwa muda, na ilionekana kazi hiyo inamchosha. Kisha akajipiga paja.

"Idah! Ule uzi ulimfunga mtoto mwingine! Msomi ndiye Muigai, na huyu wa mbuzi ndiye Waweru. Nilisema mimi, damu haidanganyi!"

Majina yakabadilishwa siku hiyo hiyo. Jioni mama akagawa chakula, na aliyekuwa Muigai tangu kuzaliwa akapata kipande kidogo.

"Kula, mume wangu, mvivu wewe."

"Maitu, kwani amefanya nini?" nikamuuliza mama.

"Bado. Atafanya."

Mtoto hakukigusa kile kipande. Alisogea karibu nami, akaninong'oneza, "Tata, asubuhi si nilikuwa na akili?"