Kuafiki na Kuarifiwa

Jina la Bi Nukta hakupewa na wazazi wake, alilipatia kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikaa chumba cha wasahihishaji, ghorofa ya pili ya jengo la Bunge, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda nukta zilizopotea. Hakuna sheria iliyowahi kupita mikononi mwake ikarudi na kasoro. Hilo alilisema kila alipopata msikilizaji, na wenzake walishamzoea.

Jumatatu, saa ya chai, mdogo wake alimfuata ofisini. Huyu ni fundi mizani, mtu wa maneno mengi na mikono yenye harufu ya mafuta ya mashine. Aliweka mezani karatasi aliyoibandua kwenye mlango wa karakana yake, pembe zake bado zina gundi.

"Dada, soma."

Mamlaka ya Mizani ilikuwa imepandisha ada ya leseni kwa mara ya tatu mwaka huo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: *Bunge limekwisha kuarifiwa, kwa mujibu wa kifungu cha tisa.*

"Si uliniambia sheria mpya itawafunga breki?" fundi aliuliza. "Kwamba hawapandishi kitu mpaka Bunge likubali?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi waambie wao. Leseni yangu inaisha Ijumaa. Kwa ada hii nafunga karakana, nahamia kwako, na unajua ninavyokula." Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Aliyeandika hilo *kuarifiwa* ni mjinga kweli kweli. Mtu ukiarifiwa msiba, utaukataa?"

Alipoondoka, Bi Nukta alifungua sheria iliyochapwa. Kifungu cha tisa: *Ada haitapandishwa ila baada ya Bunge kuarifiwa.* Alikisoma mara mbili. Kisha akashuka masjala kuomba jalada la sheria hiyo.

Ndani mlikuwa na rekebisho ambalo mwenyekiti wa kamati aliliandika kwa mkono, kwa mwandiko kama kuku amechakura. Kwenye nakala ya chapa iliyoambatishwa, mpiga chapa alikuwa amelisoma *Bunge kuarifu*. Kumwarifu nani? Sentensi ilining'inia. Na palepale, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameikata ile *u* na kuandika juu yake *iwa*, kwa mkono safi sana. Sarufi ikanyooka. Bi Nukta aliurudia mwandiko wa mwenyekiti, akasogeza karatasi dirishani. Haikuwa *kuarifu* hata kidogo. Ilikuwa *kuafiki*. Hilo ndilo wabunge walilosomewa, na hilo ndilo walilolipitisha.

Ule wino mwekundu ulikuwa wake.

Alishikwa na haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamchoma. Hakuna mwingine aliyejua. Jalada lingerudi kabatini, naye baada ya miezi miwili angestaafu kwa keki na hotuba. Mdogo wake angehamia kwake. Sahani moja zaidi, haingemwua mtu. Lakini mafundi wengine wote, wa kila mtaa, wangehamia kwa nani? Alilikumbatia jalada akapanda ngazi.

Katibu wa Bunge, mtu mpole, alivua miwani.

"Na hii *iwa* ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe, Bi Nukta?"

"Mimi, Katibu."

Katibu alilifunga jalada. "Tangazo la masahihisho litatoka, hilo halina mjadala. Ila tuseme ni kosa la mashine. Umebakiza miezi miwili tu, mama."

Bi Nukta alitamani kukubali. Alitamani sana. "Mashine haijui sarufi," akasema. "Kosa hili ni la mtu anayejua sarufi. Andika ni la msahihishaji."

Tangazo lilitoka Alhamisi. Alilihakiki mwenyewe, maana wasahihishaji wengine walikuwa likizo: *Palipochapwa "kuarifiwa" pasomeke "kuafiki". Kosa ni la msahihishaji.* Nukta zote mahali pake.

Ijumaa asubuhi alikwenda karakana. Fundi alikuwa amesharudi na leseni yake kwa ada ya zamani, na mlangoni, pale pale pa ile karatasi ya Mamlaka, amebandika tangazo.

"Umeona, dada? Bunge halijaafiki, ada imegonga mwamba! Ila huyo msahihishaji nikimpata..."

"Umempata."

Fundi alimtazama, bado anatabasamu. Kisha tabasamu likaisha.

"Wewe?"

"Kwa mkono wangu. Mjinga kweli kweli."

"Walikubana?"

"Hakuna aliyejua."

Fundi aliinamisha kichwa. Alichukua jiwe dogo la mizani, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha, akalichukua tena akalifuta upya. Halafu akaenda mlangoni na kuanza kuikwangua kwa ukucha ile sentensi ya mwisho, Kosa ni la msahihishaji, taratibu, asiharibu ile ya juu yake. Gundi ilikuwa imeshakauka.

Bi Nukta alimshika mkono.

"Acha, mdogo wangu. Huna mamlaka ya kulifuta hilo. Hata mimi sina."

Fundi aliiacha. Kwa mkono mwingine akajipangusa macho, akasingizia mafuta ya mashine, akaenda kumtafutia dada yake kiti.